Hema la hiari na turubai la kambi

Shemeji yangu mmoja hufanya biashara ya mitumba kati ya Kasulu na Nyanza-Lac, akipitia Manyovu na Mugina. Mwanzoni mwa mwaka 2025 alifungua robota akakuta, katikati ya makoti na nguo za watoto, kitu kilichokunjwa ndani ya mfuko wa kijani pamoja na vijiti vyembamba vilivyounganishwa kwa mpira. Lilikuwa hema. Hema dogo la watu wawili, kama lile la Wazungu wanaozunguka dunia na mizigo yao mgongoni. Alilipeleka sokoni wiki tatu mfululizo, na wiki tatu akalirudisha nyumbani. Watu walilishika, wakacheka, wakaliweka chini. Mama mmoja alimwambia waziwazi: "Nimelala humo miaka mingi bila kulipa hata senti, leo unataka nikulipe ili nirudi?"

Ndugu msomaji, wewe uliyerejea kutoka Mtabila, Nduta au Nyarugusu huhitaji kuelezwa kicheko hicho. Kwetu sisi hema si starehe. Hema ni foleni ya maji, ni kadi ya mgao wa unga, ni turubai la plastiki linalopiga kelele usiku kucha upepo unapovuma. Nami nilicheka na wenzangu. Lakini shemeji alipochoka akatupa lile hema bure, "walau wanao wachezee," nilianza kufikiri jambo ambalo mke wangu aliliita wazimu, na hadi leo hajabadilisha neno hilo.

Nilitaka tupande baiskeli kutoka Rumonge, tufuate mwambao wa ziwa hadi karibu na Nyanza-Lac, tulale ufukweni usiku mmoja, asubuhi tumalize safari. Ni kama kilomita 50 tu. Hatukuwa na mgonjwa wa kumwona wala mzigo wa kupeleka. Kwenda tu, na kulala.

"Baba Neema," aliniambia, "mimi nilivuka mpaka kwa miguu mwaka 1996 nikiwa binti mdogo. Nimerudi mwaka 2012 juu ya lori, Mtabila inafungwa. Kulala nje nimekwisha kulala. Nani anatufukuza safari hii?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Ndiyo maana nilitaka twende.

Basi Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 2025, saa 12 na nusu asubuhi, tulitoka Rumonge, mimi na Foniksi yangu ya zamani yenye kerie pana, yeye na baiskeli ya kijana wa jirani ambayo breki yake ya nyuma ilikuwa na mawazo yake binafsi. Mzigo: hema, blanketi mbili, sufuria, unga wa muhogo, chumvi, dumu la maji, tochi, na pampu. Kama unajua ziwa letu, unajua pia kosa letu la kwanza. Wakati wa kiangazi upepo hutoka kusini, na sisi tulikuwa tunaelekea kusini. Kufika saa 4 kila mkanyago ulikuwa kama kusukuma mlango ambao mtu ameushikilia upande wa pili.

Yule ambaye amepita barabara ile kwa gari tu hajaiona. Kwa gari unaona michikichi, michikichi, kisha umefika. Kwa baiskeli unasikia harufu ya mawese yanayochemshwa kabla hujaona moshi wake. Unajua ni wapi mto unaingia ziwani kwa sababu hewa inapoa ghafla magotini. Pale Kigwena, ambapo kipande cha msitu wa asili kimebaki kando ya barabara, tulisimama kunywa maji, na mke wangu akakaa kimya kwa muda mrefu akitazama ile miti mikubwa, kisha akasema kwamba kule kambini tulikata kila kitu kilichokuwa na urefu wa mkono. Ni kweli. Tulikuwa tunapika.

Watu hawakutuelewa. Kila tulipopita watoto waliuliza tunakimbia nini. Mama mzima juu ya baiskeli, blanketi zimefungwa nyuma, mume mbele na sufuria inagongagonga: picha hiyo ina maana moja tu katika nchi hii. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika ndagala aliacha kazi akaja barabarani na uso wa hofu kabisa, akauliza kama kuna jambo limetokea Rumonge. Tulipomwambia tunatembea tu, hakuamini. Alitupa ndizi tatu za njiani, kama mtu anavyompa mkimbizi, akakataa fedha. Nilizila kwa aibu fulani.

Kwenye kizuizi kimoja askari aliuliza, "Mnahama?" Nikasema hapana, ni matembezi. Akapapasa lile hema, akamwita mwenzake alione. Wakashauriana. Mwishowe mkubwa wao akatoa hukumu kwamba mzigo huu haumo katika orodha ya vitu anavyovijua, kwa hiyo hauna kosa, tupite.

Hapo ndipo nataka kuingia katika maoni yangu, maana sikuandika kusimulia safari peke yake.

La kwanza ni baiskeli yenyewe. Wafanyabiashara wa mpakani wanaosoma gazeti hili wanajua kwamba bila baiskeli soko la Nyanza-Lac lingekauka kwa wiki moja. Miaka hii ya mafuta kuwa adimu, wakati magari yanapolala kwenye foleni ya kituo, ni baiskeli iliyopeleka mawese, muhogo, ndagala, hata wagonjwa. Siku ile tulipishana na vijana wenye madumu manne ya lita 20 kila mmoja, wanasukuma kwa kifua kwenye mwinuko. Wapanda baiskeli wetu wanaoteremka na ndizi kutoka Bugarama wamepigwa picha na dunia nzima. Lakini nyumbani mwenye baiskeli ni mtu wa kusogezwa. Machi 2022 baiskeli ziliondolewa katikati ya jiji la Bujumbura pamoja na pikipiki na bajaji, kwa sababu zilizotajwa za usalama na ajali. Ajali zipo, sikatai. Lakini mara ngapi umesikia lori linaambiwa lisogee?

Barabara ya mwambao ni sehemu ya njia kubwa inayotuunganisha na Tanzania. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 fedha za kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza kwa upande wetu, pamoja na ile ndefu ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu kwa upande wa pili. Vizuri sana. Ombi langu ni dogo: kila kipande cha mwambao kinapotengenezwa, achwe mtu wa baiskeli na meta moja na nusu ya ukingo uliosawazishwa. Yule kijana wa madumu manne akisikia honi nyuma yake leo hana pa kwenda ila mtaroni. Tulimkuta mmoja wao mtaroni. Alikuwa mzima, mawese yalikuwa yamemwagika, na alikuwa anayakusanya kwa kopo pamoja na mchanga.

La pili ni ufuko. Tulifika tulipokusudia kulala yapata saa 10 jioni, mahali ambapo sitapataja jina kwa sababu utakazoziona. Mchanga mzuri, hakuna matete. Hilo la matete ni muhimu, usilale karibu na matete: viboko hupanda kula usiku, na mamba hatuna haja ya kumtaja Gustave ili kukumbuka kwamba wapo. Nikaanza kuunganisha vile vijiti. Hema lilikuwa limesimama nusu, limeinama kama mbuzi mgonjwa, nilipomwona mzee mwenye kofia anateremka kutoka kwenye michikichi. Alitembea polepole, lakini nyuma yake walikuja vijana wawili wenye mapanga. Mapanga ya shamba, ndiyo. Lakini ni mapanga.

Alitoa salamu, tukaitikia. Akauliza majina yetu. Akauliza jina la baba yangu, na la babu. Akauliza tumerejea mwaka gani, na kutoka kambi ipi. Wakati huo mke wangu alikuwa ameshaelewa, mimi bado. Mzee akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Wanangu, hilo turubai mnalojenga, mmekuja kudai wapi? Hadi kwenye mchikichi upi?"

Msomaji wa Rumonge na Nyanza-Lac hahitaji nifafanue. Kwa wengine: mwaka 1972, baada ya mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa Aprili pande hizi hizi za kusini, na mauaji makubwa yaliyofuata nchi nzima, maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania. Mashamba yao ya michikichi yaligawiwa wengine, na wengi wa waliogawiwa hawakuiba, waliambiwa kaeni. Wakazaa hapo, wakazika hapo. Wenyewe wakarudi baada ya miaka 30 na zaidi. Tume ya ardhi, CNTB, ilianzishwa mwaka 2006 kwa kazi hiyo, na kuna waliotoka mbele yake wameridhika na waliotoka wamelia, wakati mwingine ndugu wawili wa shamba moja. Kwa hiyo katika kona hii ya dunia mtu anayesimamisha turubai pembeni ya shamba la watu anasema jambo. Mimi, mtoto wa kambi, niliyepaswa kujua kuliko yeyote, nilikuwa nimesahau lugha hiyo kwa sababu hema lenyewe lilikuwa na rangi ya kijani na zipu nzuri.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alimwambia, "Baba, sisi si wa hapa. Huyu bwana amepewa hema bure na shemeji yake, sasa anaona haya kulitupa." Mzee alimtazama. Kisha akacheka, na vijana wakacheka, na mmoja akaweka panga chini akanionyesha kwamba nilikuwa nimepitisha kijiti upande usiofaa.

Tulikubaliana tulale kwenye mchanga, tusikanyage kwenye nyasi, tusikate kuni za mchikichi, na asubuhi tuondoke. Alimtuma kijana mmoja kumjulisha shefu wa kolini ili usiku asije mtu mwingine na maswali yale yale. Nilimpa chochote, akapokea baada ya kukataa mara mbili kama heshima inavyotaka.

Sasa, ule mchanga ni wa nani? Sheria yetu ya maji ya Machi 2012 inaweka ukanda wa meta 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika usiojengwa. Nchi yetu ina mwambao wa karibu kilomita 160 tu katika ziwa lenye urefu wa kilomita 673, na kila mwaka ukuta mpya unasimama: hoteli hapa, nyumba ya mkubwa pale, uzio wa waya hadi kwenye maji. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilikuja kupima meta zake. Lilipanda hadi likaingia katika nyumba za watu huko Gatumba na Rumonge, na mzee alituonyesha shina la mchikichi lililokuwa na alama ya maji kifuani mwake, akasema hapo tulipolaza baiskeli palikuwa ziwa. Aliyejenga ndani ya zile meta 150 alipata somo la bure. Nasikia wengine wameshaanza kupanga matofali tena.

Maoni yangu ni kwamba ukanda ule usiwe wa wenye kuta, wala usiwe pori la kuogopwa. Tarafa za mwambao zitenge sehemu chache zinazojulikana, kila baada ya kilomita 20 au 30, penye choo, maji, na mtu wa kolini hiyo anayelipwa kuzitunza, ambapo mpita njia anaweza kulaza baiskeli yake na kulala bila kuulizwa babu yake alikuwa nani. Pasiandikwe hati ya mtu yeyote. Mgeni alale, aamke, aende. Nikisema mpita njia sina maana ya Mzungu peke yake. Yule mama wa ndagala anayetoka Kabonga usiku ili awahi soko, analala wapi? Analala barazani kwa watu, juu ya mzigo wake.

Wenzetu wa Rwanda wameonyesha njia, na kusifu jirani si dhambi hata pale mipaka ilipofungwa Januari 2024. Kando ya Ziwa Kivu wametengeneza njia ya kilomita 227 kutoka Gisenyi hadi Cyangugu kwa watu wa miguu na wa baiskeli, yenye vituo vya kulala, na kuna wanakijiji wanaopika na kuongoza wageni. Septemba 2025, mwezi mmoja baada ya safari yetu, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Vilima vyao si vizuri kuliko vyetu. Na ziwa letu, kwa kina cha meta 1,470, linashindwa na Baikal peke yake duniani.

Najua jibu. Nimeshalisikia kutoka kwa jirani yangu, mtu wa kuheshimika: "Matembezi ni ya walioshiba. Sisi tuna njaa, wewe unatuletea habari za hema." Sina jibu zuri kwa mtu mwenye njaa. Namwambia hili tu. Siku ile mimi na mke wangu tuliacha fedha mikononi mwa fundi aliyeziba pancha, mama wa chai na chapati, mvuvi aliyetuuzia mikeke miwili, kijana wa kuni, yule mzee, na mama wa uji wa asubuhi. Ni watu sita katika kilomita 50. Mwenye gari angenunua soda Rumonge na soda nyingine Nyanza-Lac. Na sisi si matajiri, tulikuwa na unga wetu wenyewe.

Wafanyabiashara nao wafikirie. Robota moja kati ya mengi linatoka na hema, blanketi la kukunja, mfuko wa kulalia, na vitu hivyo vinauzwa kwa bei ya matambara kwa sababu hakuna anayevitaka. Mtu mwenye mahema matano na baiskeli tano imara pale Rumonge angeweza kuyakodisha. Vitu vya namna hiyo ukivivusha kihalali havina shida. Bidhaa zenye asili ya Jumuiya, kwa thamani isiyozidi dola 2,000, zina hati yake nyepesi pale mpakani, ingawa mitumba haimo kwa sababu haikutengenezwa kwetu, na hilo wengine hulisahau hadi wafike dirishani.

Nirudi kwenye usiku ule. Tulikula mikeke ya kuchoma na ugali wa muhogo. Mwezi haukuwepo, na wavuvi walikuwa wametoka, kwa hiyo ziwa zima lilijaa taa, kama mji uliojengwa juu ya maji. Mimi nililala mara moja, miguu ilikuwa imekwisha. Yapata saa 8 usiku niliamka nikakuta nafasi ya mke wangu tupu.

Alikuwa amekaa nje, amejifunika blanketi, anatazama taa. Upepo ulikuwa umezidi na hema lilikuwa linapiga kelele. Nilijua kabla hajasema. Sauti ya plastiki kwenye upepo ni moja, iwe ya kijani ya Mzungu, iwe ile nyeupe yenye maandishi ya buluu. Alisema kwamba kila alipofumba macho alimsikia mama yake akikohoa upande wa pili wa pazia. Mama yake amezikwa Mtabila, na Mtabila hakuna mtu tena wa kufagia kaburi.

Nilitaka kusema samahani, nikaona ni neno dogo. Nikakaa naye. Hatukulala tena. Kabla ya alfajiri wavuvi walianza kurudi, na mvuvi mmoja aliyetuona akapiga kelele kutoka kwenye mtumbwi akiuliza kama tuna shida. Mke wangu akamjibu kwa sauti kubwa, "Hapana, tumekaa tu." Akanigeukia akasema hajawahi kumwambia mtu maneno hayo usiku, akiwa nje, na yakawa kweli.

Asubuhi mzee alikuja na wajukuu watatu walioomba kuingia ndani ya hema na kutoka, kuingia na kutoka, hadi zipu ikaanza kugoma. Akatuuliza bei yake. Nikasema ni zawadi, siuzi. Akasema hakutaka kununua, alitaka kujua mtu angelipa kiasi gani kulala kwenye mchanga wake, maana usiku ule alikuwa amefikiri, na mke wake alikuwa amefikiri zaidi.

Tuliingia Nyanza-Lac saa 4 na nusu, mkanyago wa mwisho tukisukuma kwa miguu. Shemeji alikuwa sokoni na robota jipya. Alipotuona alicheka hadi akakaa chini, kisha akauliza kama hema liko salama, kwa sababu amepata mteja kutoka Makamba. Nilimtazama mke wangu nikitegemea kwamba ataliuza papo hapo. Alisema mteja asubiri. Kuna tundu karibu na zipu, analishona kwanza, na kuna jambo anataka kujaribu: kulisimamisha uani kwetu, bila upepo, watoto walale humo, yeye alale ndani kitandani kwake akiwasikia.

Hadi naandika haya, mteja bado anasubiri.